Mwimo wa Mlango Ndani ya Tramu

Tramu ya kwenda Scheveningen, pwani ya Uholanzi, ilikuwa na viti vitupu, lakini bibi mmoja mwenye mvi alisimama, amekumbatia mwimo wa mlango uliong'olewa, wenye mistari ya penseli, kama anacheza nao dansi. Mbele yake alikaa dada kutoka Poland na daftari la Kiholanzi, maana ya maneno ameiandika pembeni kwa Kiingereza.

“Samahani bibi. Mwalimu anataka sentensi za nani mkubwa kuliko nani, na mtihani ni leo. Hiyo mistari ni ya nini?”

“Wanangu hao. Soma.”

Dada akafuata penseli kwa kidole. “1981, Wouter ni mrefu kuliko Hanneke. 1984, Hanneke ni mrefu kuliko Wouter.”

“Wiki nzima Wouter hakutaka kula na sisi.”

“1990, Wouter ni mrefu kuliko baba.”

“Baba mtu akasema penseli imekosea.”

Dada akacheka, kisha akasita. “Nyumba ilikuwa yako?”

“Ya kupanga. Nahamia ndogo zaidi.”

“Basi umeiba mlango, bibi.”

“Nimewawekea wenye nyumba mwimo mpya, mzuri kuliko huu.”

“Bado ni wizi.”

“Vua viatu, mwanangu. Simama hapa.”

Dada akabisha huku anavua. Bibi akachomoa penseli kwenye nywele, akachora mstari chini kidogo ya Hanneke wa 1984, akampa penseli aandike jina mwenyewe. Akaandika: Bożena.

Mimi niliyekaa nyuma yao nina miaka ishirini na sita nchi hii, na hakuna mlango ulioniandika. Tramu iliposimama kituoni kwangu, nilikuwa nimeshaanza kufungua kamba za viatu.