Mzee Lukasi na Salamu Isiyokatizwa

Ndugu jamaa, majirani wa Masuguru na ninyi mliotoka mbali, huyu tunayemsindikiza leo alikufa hapendi maneno ya haraka. Basi tumsimulie taratibu.

Mzee Lukasi Semboja alizaliwa Mpale tarehe 12 Agosti 1932, kitinda mimba wa Mzee Habakuki na Mama Efrazia. Alisoma shule ya misheni palepale hadi darasa la nne, akamalizia la nane Korogwe. Enzi zile mtoto alishuka mlima na blanketi moja na mahindi ya kuchoma, na akirudi likizo kijiji kizima kilitoka kumpokea. Ah, siku zile!

Mwaka wa Uhuru alihitimu uganga msaidizi. Tarehe 14 Aprili 1962 alifunga ndoa na Elina. Posa ya kwanza ilikataliwa, maana kijana alifika mbiombio, hata salamu za wakwe hakuzimaliza. Elina alicheka nyuma ya mlango. Walijaliwa Dorkasi na Matayo.

Alitumikia zahanati ya kijiji cha ujamaa upande wa Kang'ata, Handeni. Mwaka 1969 ikaletwa darubini ya kupimia damu. Jamani, alivyoipenda! Aliifuta kwa leso yake ya harusi, na watu walikuja hata wazima, waione tu damu yao. Ndipo alipofika Bi. Mwantumu, mjamzito, ameshika tumbo. Sasa sisi huku tunajuana: mgonjwa hata awe taabani, ukimuuliza ya nyumbani atajibu nzuri, watoto nzuri, shamba nzuri, kisha ndipo aseme, "Ila..." Mzee Lukasi alizipokea nzuri zote, akamtoboa kidole, akainamia darubini.

"Damu safi, mama. Huna malaria. Nenda kapumzike."

Kesho yake trekta la kijiji lilimkimbiza Bi. Mwantumu hospitali, damu imemvujia tumboni. Aliokolewa. Mimba iliharibika, na mtoto mwingine hakujaliwa.

Mzee alimfuata nyumbani kuomba radhi. Bi. Mwantumu akampa kiti, akamwambia, "Nilikusalimia vizuri, daktari. Ukachukua nzuri zangu zote, 'ila' yangu ukaniachia mdomoni." Mzee alilia mbele za watu, mwanamume mzima. Tangu hapo darubini ilifunikwa kitambaa mpaka mgonjwa amalize kueleza. Mgonjwa akinyamaza, Mzee alimsubiri, halafu alimuuliza, "Ila?" Watoto wa Kang'ata wakambatiza Daktari Ila, naye akaitika bila kununa.

Mwaka 1979 alihamishiwa Korogwe, akajenga hapa Masuguru. Mwaka jana kifua kikaanza kumbana. Alipopelekwa kupimwa, daktari kijana alimuuliza, macho yakiwa kwenye karatasi, "Shikamoo mzee, habari?"

"Marahaba, nzuri, mwanangu. Ila..."

"Vipimo vyote safi, mzee. Ni uchovu tu."

Mkewe, Mama Elina, alifoka njia nzima. Mzee akamtuliza: "Mwache, Mama Dorkasi. Kijana yule namjua. Ndiye mimi wa zamani." Wakarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Jumatatu iliyopita Bi. Mwantumu alikuja kutoka Kang'ata kumjulia hali. Wakasalimiana kama zamani, ya nyumbani nzuri, ya safari nzuri, mpaka salamu zikaisha. Mzee akageukia ukuta. Bi. Mwantumu akasogeza kigoda, akamuuliza yeye sasa, kwa upole, "Ila?"

Mzee akamgeukia. "Ila naogopa, dada," akasema.

Akaeleza yote, kifua chake, na mtoto yule ambaye hakuzaliwa. Bi. Mwantumu alimshika mkono, hakumkatiza hata kwa pole. Mzee alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 16 Machi 1983, akiwa nyumbani kwake.

Ameacha mjane, Mama Elina, watoto wake Dorkasi na Matayo, wajukuu, na dada ambaye hakuzaliwa naye, Bi. Mwantumu, aliyekaa pale mbele.

Daktari Ila, umesema na tumekusikia mpaka mwisho. Sasa lala, baba, kwa amani ya Mungu.