Fundi Wendell Polglase na Tanuru la Mama Thirza

Wendell James Polglase alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Galena Fork, Colorado, akiwa mtoto wa kwanza wa Josiah Polglase, mchimba madini, na mkewe Thirza. Alizaliwa katika nyumba ya juu kabisa ya bonde, ile ambayo barabara huishia mlangoni pake, futi elfu kumi na zaidi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo maharage huwekwa motoni asubuhi na kufikia jioni bado yanagoma kuiva. Mwaka 1946 alizaliwa mdogo wake, Harlan. Mama Thirza alipenda kusimulia kwamba Wendell alimtazama mtoto yule kwenye kapu la nguo, akauliza atarudishwa lini. Hakurudishwa. Ndugu hao wawili walilala kitanda kimoja hadi Wendell alipoondoka nyumbani, na ukimchokoza mmoja ulikuwa umejitafutia ugomvi na wote wawili.

Alisoma katika shule ya mji huu na kumaliza mwaka 1959. Walimu wake hawakumlilia. Akitumwa kwa mwalimu mkuu kupokea adhabu, alipitia chumba cha boila na kuisahau safari yenyewe. Mwaka 1961 alikwenda Denver kusomea ufundi wa gesi na mitambo ya kupasha nyumba joto, na alipohitimu alirudi upesi. Alisema kwamba hewa ya kule ni nzito kama uji wa jana.

Kuanzia 1962 hadi alipostaafu mwaka 2008, marehemu alikuwa fundi wa matanuru wa bonde hili, na kwa miaka mingi hakukuwa na mwingine. Wengi mliokaa hapa leo mmelala salama kwa mikono yake bila kujua. Tanuru linapotoka kiwandani limetengenezwa kwa gesi ya bomba na kwa watu wa nyanda za chini. Kulileta huku kwetu, kwenye nyumba zinazotumia propeni ya tangi, ni kulifunza kazi upya mara mbili. Kwanza propeni ina nguvu kuliko gesi ya bomba, kwa hiyo vile vijinozeli vya shaba vinavyopitisha gesi hubadilishwa vyote na kuwekwa vyenye tundu dogo, pamoja na springi ya valvu. Pili, huku hewa ni nyembamba, moto haupati pumzi ya kutosha, kwa hiyo tundu hupunguzwa tena. Mtu akifanya la kwanza na kuliacha la pili, tanuru litawaka, nyumba itapata joto, na kila mtu atashukuru. Masizi yatajijenga ndani polepole, na ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu itaanza kuingia vyumbani.

Marehemu hakuwa na mzaha na mambo hayo. Hakuwahi kutoboa nozeli kuukuu kwa keekee, na fundi aliyefanya hivyo alimwita mchinjaji. Alipima presha, alipaka maji ya sabuni kila kiungo, kisha alikaa kwenye ndoo na kuutazama moto mpaka aridhike kwamba ni wa buluu. Mwisho aliandika kwa kalamu ya mafuta kwenye mlango wa tanuru: gesi gani, mwinuko gani, na jina lake. Kwa kuwa propeni ni nzito na hujificha chini, alikuwa na mazoea ya kupiga magoti na kunusa sakafu. Mjane mmoja wa Mtaa wa Pili alishuka kumletea kahawa, akamkuta katika hali hiyo, akadhani anasali. Naye akapiga magoti kando yake. Marehemu alisema alikosa namna ya kumweleza, ikabidi waseme Baba Yetu mpaka mwisho.

Tarehe 5 Juni 1965 alifunga ndoa na Albina Kosir, binti wa mwokaji mikate. Walijuana kwa sababu ya tanuru, kama ilivyotarajiwa. Aliitwa kwa mzee Kosir, akaukuta moto wa njano, akauzima.

“Kijana, mbona unazima?” mzee alimjia juu. “Moto mzuri ule, unang’aa!”

“Unang’aa kweli, mzee. Ungewaua huku mking’aa.”

Albina alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na marehemu akarudi siku ya pili kukagua kitu ambacho hakikuhitaji kukaguliwa. Siku ya harusi yao, kabla ya kukata mkate wa kokwa aliouoka mzee Kosir, bwana harusi alitoweka. Walimkuta chini ya ukumbi akitazama moto. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake kila alikoalikwa: kwanza tanuru, ndipo salamu. Walijaliwa mtoto mmoja, Corliss. Albina alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, na tangu siku hiyo marehemu alikula akiwa amesimama.

Sasa wasifu huu unafika mahali ambapo familia ingependa kufunika kombe. Lakini marehemu aliagiza kwa kinywa chake kwamba jambo hili lisomwe, na kwamba lisomwe hapa makaburini, mbele ya watu.

Mwaka 1993 Mama Thirza alivunjika nyonga. Hakuweza tena kubeba makaa ya mawe, na Wendell alimwahidi kwamba atamfungia tanuru la propeni. Tanuru lenyewe lilikuwepo karakanani kwake, zuri, la gesi ya bomba, likisubiri kubadilishwa. Mama akaenda kupona kwa Harlan, ambaye wakati huo alikuwa ameoa na kulima ngano huko Larned, Kansas, kwenye nyanda za chini. Kiangazi kikapita. Vuli ikaja na simu za wateja, maana ikianguka theluji ya kwanza kila mtu hukumbuka kwamba ana tanuru.

“Wiki ijayo, Mama,” alimwambia kwenye simu.

“Hiyo wiki ijayo yako ina ndevu sasa,” mama alimjibu. “Mimi narudi nyumbani kwangu, na Harlan amesema atalifunga yeye.”

Harlan alimrudisha mama mwezi Novemba, akalichukua tanuru karakanani na kulifunga. Alikuwa mkulima aliyezoea kutengeneza vitu vyake mwenyewe. Nozeli zote alizibadilisha, springi akaibadilisha, viungo vikashika vizuri. Alifanya kazi safi ya Kansas, na la mwinuko halikumjia kichwani, kwa kuwa kule Larned hakuna anayeliwazia. Siku ya Sikukuu ya Shukrani familia nzima ilikula bata mzinga katika nyumba ile yenye joto. Harlan alikuwa na furaha ya mtu aliyemfaa mama yake.

“Kaka, huendi kulitazama?” alimwuliza Wendell. “Nenda ukalinuse basi, nijue kama nimefaulu.”

“Si umeshafunga mwenyewe?” Wendell alimjibu. “Mbona nyumba ina joto? Nipitishie viazi.”

Alikuwa amenuna. Mdogo wake alikuwa amefanya kazi iliyokuwa yake, na kila mtu mezani alikuwa akiisifu. Yule ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kushuka kwenye tanuru alikaa kwenye kiti siku hiyo, akala, akaaga. Zilikuwa hatua chache tu kutoka mezani hadi kwenye mlango wa chini.

Mwezi Januari Mama Thirza alimpigia simu. Kichwa kilikuwa kinamgonga, chakula hakikai.

“Ni mwinuko, Mama,” alimwambia. “Ulikaa chini kiangazi chote mpaka Novemba, mwili umesahau. Kunywa maji, pumzika ndani.”

“Ajabu ni kwamba nikija kanisani kinaacha.”

“Basi uje kanisani kila siku,” alimtania, wakacheka wote wawili.

Kila mtu wa huku angesema vilevile. Mgeni akilalamika kichwa, tunamwambia ni mwinuko. Akitapika, ni mwinuko. Tunampa maji na kumcheka kidogo, na mara nyingi huwa ni kweli. Lakini dalili za ile hewa ya sumu ni hizo hizo, na katika bonde zima mtu aliyelijua hilo vizuri kuliko wote alikuwa Wendell Polglase. Mama alipiga tena mwanzoni mwa Februari. Akaambiwa anywe maji.

Mama Thirza alifariki kitandani mwake tarehe 11 Februari 1994. Wendell ndiye aliyemkuta asubuhi. Alifungua madirisha yote, akamfunika, kisha akashuka na kulifungua tanuru. Lilikuwa limejaa masizi. Akatoa nozeli moja, akasoma namba yake: tundu la nyanda za chini. Siku ya mazishi, mahali hapa hapa, Harlan alipomsogelea amkumbatie, alimrudisha kwa mkono.

“Umemuua Mama,” alisema kwa sauti ambayo hata waliosimama getini waliisikia. “Umemuua kwa nozeli zako za Kansas.”

Harlan alisimama na kofia mkononi. Aliingia kwenye gari na mkewe, akaondoka, na hakukanyaga tena Galena Fork. Alikuwa ameamini kwamba ni kweli.

Baada ya hapo marehemu alibadilika. Aliyesikika dukani akisema kichwa kinamuuma, marehemu alifika kwake na kipimo kabla hajavua viatu. Aliingia hotelini akiwaamsha watalii. Aliwagawia vijana waliooana ving’ora vya kugundua sumu, wakati wao walitarajia sahani. Watu walicheka, wakasema ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake. Hakuna aliyejua habari ya zile simu. Hakumwambia hata Albina. Jina la Harlan halikutajwa nyumbani mwake. Kadi za Krismasi kutoka kwa Harlan, Albina alizijibu kwa siri, na marehemu alijifanya haoni.

Mwaka 2016 mapafu yake yalianza kuchoka. Daktari alimshauri ahamie chini, kwenye hewa nzito. “Daktari, mimi huhamisha matanuru,” alijibu. “Mwenyewe sihamishiki.” Alikaa na mtungi wa oksijeni sebuleni, akiwakaripia waliouburuta. Tarehe 8 Januari 2019 alizidiwa, akapelekwa hospitali Denver. Huko, mchana mmoja, alimwambia Corliss azime televisheni.

“Mpigie baba yako mdogo.”

“Baba, unataka nimwambie nini? Hujamtaja miaka yote hii.”

“Mwambie aje.” Akavuta pumzi. “Mama alinipigia simu, Corliss. Mara mbili. Alinieleza kila kitu mpaka la kanisani. Nikamwambia anywe maji.”

Akamsimulia yote, pamoja na ile siku ya viazi. Corliss alilia, kisha akakasirika, kisha akapiga simu Kansas. Harlan alipokea.

“Amekufa?” aliuliza.

“Hapana, Baba mdogo. Anakuulizia.”

Corliss alisikia funguo za gari zikilia.

“Naja,” Harlan alisema. “Mwambie asijifanye mjanja akafa kabla sijafika.”

Corliss alimsogezea baba yake simu sikioni. Marehemu alikataa kwa kichwa, akaisukuma. “Nilimsema mbele ya watu,” alisema baada ya simu kukatwa. “Siwezi kumwomba msamaha kwa simu kama naagiza vipuri. Nitamwambia usoni.”

“Na asipowahi?”

“Basi mtalisoma jambo hili siku ya kunizika. Pale pale nilipomsema.”

Familia inasikitika sana kwamba hakuipokea simu ile. Ilikuwa karibu, na Harlan alikuwa upande wa pili, akisubiri. Dhoruba ilifunga barabara kuu kwenye nyanda, na Harlan alikwama njiani, katika mji wa Limon, akilala kwenye gari na kuwasha injini kila alipoona baridi inamzidi. Wendell Polglase alifariki asubuhi ya tarehe 14 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka 77. Alikuwa ameuliza tena na tena kama barabara imefunguliwa. Ilifunguliwa mchana.

Kwa hiyo, kwa agizo lake, mbele ya waliokuwepo mwaka 1994 na ambao hawakuwepo, inatamkwa: Harlan alikosea nozeli, kama ambavyo mkulima yeyote wa nyanda angekosea, na aliomba kazi yake ikaguliwe. Aliyeombwa alijua, alikuwa hatua chache, na hakwenda. Aliambiwa dalili mara mbili, akazijibu kwa mzaha. Kisha akamtwika mdogo wake mzigo wote, akamwacha aubebe peke yake mpaka uzeeni. Marehemu aliomba asitetewe kwa hili, na hatumtetei.

Marehemu ameacha binti, Corliss. Mkwe, Dwight Arnquist. Na wajukuu wawili, Tilda na Josiah. Ameacha pia ndugu yake wa pekee, Harlan Polglase, aliyeketi safu ya nyuma kabisa, ambaye hakumuua mama yao.

Mungu amlaze pema fundi Wendell.