Ile Alimentation Nilipimaka ku Mukono

Ndugu zangu ba-photographe na ba-monteur ba picha ba hii mutuelle yetu ya kusaidiana, bamama na bapapa, yambo yenu bote. Présidente aliniomba nisimame niseme kidogo. Munanijua, kusema kidogo sijuwe. Lakini leo sikuye kujisifu. Bon, nitajisifu kidogo, juu munajua fasi nilitoka.

Miye niliacha masomo ningali mutoto. Nilikuwa nauza shaba ya kuokota pale ku commune ya Kenya, hapa mu muji yetu, waya na radiateur za motokari. Hakuna mutu alinifundisha kamera. Nilikuwa nasimama nyuma ya bengine ku harusi, naangalia mikono yabo, mpaka siku nilinunua kamera yangu. Leo niko na studio ku commune ya Kampemba, na ku mbele salle ya michezo fasi bijana banacheza balon mu ordinateur, ile kompyuta. Jina yangu iko ku mulango, herufi za munene. Nani alinipa? Hakuna mutu.

Basi, nilitaka ordinateur mupya, moja tu ya kazi mbili: asubuhi nimonter harusi, nikate na kuunga picha, kisha saa sita bijana bakuye kucheza. Feza ilikuwa ya kupima. Nikajiambia, mutu wa masomo atanidanganya, pièce moja moja nitachagua miye mwenyewe. Karibu feza yote nikaitia mu carte graphique, ile inatengeneza picha ya michezo, na mu boîtier, ile sanduku kubwa ya kioo ya kufunika yote, yenye mataa ya rangi, juu bijana bakiona mataa banaingia. Kisha ikabakia alimentation, ile sanduku ndogo ya chuma inapokea courant ya umeme ku ukuta na kuigawanya ku pièce zote. Hiyo nikaenda kuinunua ya mwisho ku soko, mufuko iko nyepesi.

Muuzaji akanionyesha mbili, bei karibu sawa. Sasa, miye nilipima shaba ku mukono miaka mingi. Mukono yangu hii ni balance, ni mizani, munajua. Nikashika ya kwanza: hewa. Nikashika ya pili: nzito, inavuta mukono chini. Nikasema, hapa iko shaba mu ndani.

"Papa, weye uko mujuzi," muuzaji akaniambia.

"Ulifikiri uko na nani hapa?"

Munacheka. Chekeni, ngoja kidogo.

Ile ordinateur ikawaka muzuri. Bijana balijaa. Nikapata na harusi moja kubwa, ya famille ya Maniema, bantu ba biashara. Baba ya bibi harusi alikuwa muzee, miguu ilimuchoka, lakini akasimama akaongea na binti yake mbele ya bote. Miye nilifilmaka harusi mingi, sijasikia baba kuongea vile. Binti alikuwa analia mpaka mabega inatikisika. Kesho yake akaenda Zambia na bwana yake. Haikupita muda murefu, muzee akakufa. Binti hakufika ku mazishi, munajua namna Baislamu banazika mbio.

Picha na sauti za ile siku zilikuwa fasi moja tu: mu disque ya ile ordinateur, ile kisanduku inachunga kazi yote. Carte za kamera, zile zinachunga picha, nilisha kuzisafisha juu ya harusi ingine. Nani hapa hafanye vile?

Ku matanga mujane wa ule muzee akanikamata mukono. "Papa wa kamera, sauti ya bwana yangu iko kwako. Mutoto atakuya ku arobaini. Tutamuonyesha."

"Iko, mama," nikamujibu. Na ile siku ilikuwa kweli.

Ndugu zangu, nawaambia, asubuhi moja courant ilikuwa imekatika, ordinateur nikaiacha ku prise ya ukuta. Nanywa chai. Courant ikarudia, lakini ikarudia na hasira, ampoule ya nyumba ikawa nyeupe sawa jua. Mbele ya kutia kikombe chini, nikasikia pwaa! Moshi ikatoka mu ile boîtier ya kioo. Mataa ya rangi yote ikazima. Harufu ya plastiki ikajaa mu salle mpaka bibi yangu wa ndoa akatoka mu jikoni anakohoa.

Nikafungua ile alimentation na tournevis, ile bisibisi. Mu ndani, waya nyembamba sawa uzi ya kushonea. Na kando yake, kitu ile ilikuwa inavuta mukono yangu: kipande ya saruji. Saruji, ndugu zangu! Ya kujengea nyumba! Baliimimina pale juu mutu sawa miye apime, ashangae, alipe.

Ordinateur sikuililia. Niliogopa juu ya disque. Nikaitoa, nikaifunga mu kitambaa, nikaitia mu kabati ya nguo. Kutoka ile saa miye, mutu mwenye jina ku mulango, nikawa naogopa simu yangu mwenyewe. Ikilia, naigeuza uso chini. Nikiona mwanamuke mwenye kitambaa ya mujane ku barabara, nakata njia.

Nikatafuta kwenda kuichomeka mu ordinateur ya jirani, nijue tu. Bibi yangu akasimama ku mulango.

"Alimentation ya ordinateur ya jirani, nayo ilinunuliwa fasi gani?"

"Ku ule ule muuzaji."

"Disque haiendi. Huyu muzee balimuzika mara moja. Weye usimuzike mara ya pili."

Nikarudisha disque mu kabati.

Na ile woga ikanikuta bado ku soko. Nageuka, mujane iko mbele yangu, alitoka mara moja tu ku eda kununua muchele ya arobaini. Akasema na upole, na ile upole njo iliniua: "Mutoto anapiga simu kila mara. Anauliza, baba aliniambia nini? Ile siku alilia sana, hakusikia muzuri. Namwambia angoje, papa wa kamera iko nayo."

Nikamubebea muchele mpaka ku taxi, nikapita ku nyumba kukamata disque na ile alimentation, nikapanda pikipiki, nikaenda ku ville, katikati ya muji, disque mu kifua.

Kule iko mama moja, mutu wa Kasai, alisomea mambo ya ordinateur na anauza pièce. Nilikuwa namukimbiaka juu anaongea na bantu sawa mwalimu. Nikatia ku meza yake disque, na alimentation ya kuungua. Akaona saruji, akaita benzake.

"Papa, ulinunua ordinateur ao ulianza kujenga nyumba?"

Balicheka mpaka bateja bakageuka. Nikakubali kuchekwa. Nikamuelezea ya muzee. Kicheko ikakauka. Akageuza disque, akaangalia kibao yake ya umeme ya chini, akainusa.

"Sikuahidi kitu. Kama ile moto ilifika humu, imekufa. Kama haikufika, utasikia inazunguka. Katikati hakuna."

Akaichomeka ku ordinateur yake. Kimya. Nikaangalia mikono yake, sura sikuweza kuiangalia. Kimya. Nikajiona niko mbele ya ule binti, namuambia sauti ya baba yake iliungua. Miye sina mazoea ya kuomba Mungu na sauti mu duka ya bantu. Niliomba na sauti.

Kisha ikalia. Zzzz, kidogo kidogo, sawa nyuki mu chupa. Inazunguka.

Nilikaa chini ku sakafu. Yule mama akasema: "Simama, papa. Mbele ya kulia tuikopie."

Tukaikopia mu disque mbili. Kisha njo akanifundisha kuchagua. Ile carte graphique ya munene ilibakia muzima, nikaiuzisha. Nikakamata processeur, ile akili ya ordinateur, yenye kutengeneza picha yenyewe, bijana banacheza balon bila shida. Mémoire ya kutosha juu ya kumonter harusi. Alimentation ya kweli, ile alinifungulia nikaona mu ndani mbele ya kulipa. Na stabilisateur ya kuzuia courant ya hasira.

"Na mataa ya rangi?" nikamuuliza.

"Utawasha ku sikukuu ya Noël."

Ku arobaini tulitia écran, kioo kubwa ya picha, mu nyumba ya mujane. Muzee akatokea, akaongea. Binti hakulia ile mara. Alisogea karibu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Rudisha, papa." Nikarudisha. Alisikiliza ile maneno mpaka akaanza kuyasema pamoja na baba yake.

Namushukuru bibi yangu, alisimama ku mulango. Namushukuru yule mama wa ku ville, alinicheka kisha akanisaidia. Nawashukuru ninyi, juu feza ya stabilisateur ilitoka mu kisanduku ya hii mutuelle, na hakuna mutu aliyeniuliza maneno mingi.

Sasa muniambie. Nani hapa, leo, iko na harusi ya bantu mu disque moja tu? Inueni mikono, musiogope.

Eh. Mikono yote hii?

Présidente, funga mulango. Hakuna mutu atarudia kwake mbele ya kupanga nani anaenda kununua disque ya pili kesho.