Fundi Cherehani Aliyeachwa kwa Simu

Ndugu waombolezaji, familia imemchagua kaka mkubwa wa marehemu kusoma historia hii, si kwa hekima yake, kwani alizunguka bandari za watu miaka ishirini akarudi na kikohozi tu, bali kwa kuwa sauti yake hufika nyuma bila kipaza sauti.

Marehemu, fundi cherehani mliyezoea kumwita Bi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, na kuanzia Januari 1988 alishona sare za shule, hata wengi mliokaa hapa mmewahi kukaripiwa naye kwa kurefuka kabla ya muhula kwisha.

Tarehe 6 Juni 1993 aliolewa na fundi majokofu, wakajaliwa binti na mwana, mwaka 2006 mume akaenda ughaibuni, na tarehe 2 Februari 2014 akatuma sauti kwa simu kwamba amemwacha, marehemu akaisikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani, akaendelea kushona, akisema watoto wa watu hawatakwenda shule uchi kwa ajili ya simu ya mtu mmoja.

Kadhi, muungwana aliyekaa nasi hapa, alisema sauti huigizwa, mume aje mwenyewe au alete mashahidi, naye alipopigiwa akakana, eti zilikuwa hasira tu, kisha akabadilisha namba, marehemu akaomba ndoa ivunjwe, wito wa mahakama ukarudi bila mtu, kesi ikaahirishwa mwaka hadi mwaka, hata muuza vitambaa, mgane aliyetaka kumwoa, akachoka mwaka 2019 akaoa kwingine, na gauni la bibi harusi alilishona marehemu, tena bila kasoro.

Aliugua figo tangu Novemba 2022, akafariki jana Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, alfajiri, hukumu haijatoka.

Jana hiyo hiyo jioni mume akafika kutoka mji wa pili, kumbe alisharudi nchini, habari ya msiba ikiwa imempata upesi kuliko wito wa mahakama, akauliza fungu lake la mirathi, kaka akataka kumfuta kwenye historia hii, kadhi akamwambia kaka polepole, ndugu yangu, talaka haikuthibiti, huyu ni mume, robo ni yake, na mimi pia naona haya.

Basi inasomwa ilivyo, marehemu ameacha mume, watoto wawili na kaka mwenye kikohozi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake waliozima cherehani leo, na muuza vitambaa, aliyeleta sanda akakataa kulipwa.

Pumzika kwa amani, dada, kesi yako sasa iko kwa Asiyeahirisha.