Ardis Tveit na Maji ya Mto Sorrel

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo. Mlio barabarani, njia ya bondeni ina barafu leo, endesheni polepole. Nina mtu wa kuwaelezea habari zake.

Jina lake ni Ardis Tveit. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Bascom, akiwa na miaka sabini na tisa. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Ardis Tveit, dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, mvuvi wa trauti, wale samaki wa maji baridi, katika Mto Sorrel wakati wa baridi, ametutoka Jumanne.

Wengi wenu mlipanda basi lake. Wachache aliwashusha njiani, na mnajua kwa nini.

Baba yake, mzee Nels, alivua kwa nzi bandia, yule nzi wa chambo anayefungwa kwenye ndoana kwa uzi na manyoya. Aliwafundisha watoto wake wa kiume wawili. Ardis hakumfundisha. Alimwachia kazi ya kufunga nzi mezani, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba. "Wewe tengeneza," alimwambia, "wenzako watavua."

Akiwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa Januari, baba na kaka zake walikuwa wameshatundika fito zao za kuvulia ukutani kusubiri majira ya kuchipua. Ardis akautungua mmoja. Akashuka mtoni peke yake, theluji ikimfika magotini. Alirudi bila samaki, na sikio moja limeungua kwa baridi.

"Nani amekwambia watu wanavua Januari?" baba akamuuliza. "Trauti wamelala."

"Basi nitawaamsha."

Kaka zake walicheka wiki mbili nzima. Wiki ya tatu, wasikilizaji, Ardis aliingia na trauti mnene, akamlaza mezani juu ya gazeti ambalo baba yake alikuwa akilisoma. Mzee Nels alivuta ukurasa wake taratibu, akaendelea kusoma.

Trauti hawalali. Ardis alilijua hilo mapema kuliko wote. Wakati wa baridi huteremka kwenye maji yenye kina yanayokwenda polepole, wakatulia huko chini, hawataki kupoteza nguvu. Hawakimbilii kitu. Ni lazima nzi wako apite mbele ya mdomo kabisa. Halafu mchana, jua likipiga bondeni kwa saa moja hivi, visubi, vijidudu wanavyovila trauti, hutoka majini vikatambaa juu ya theluji. Saa hiyo ndiyo yake. Nzi wake alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele: uzi mweusi na unyoya mmoja wa shingo ya jogoo. Barafu ikiganda kwenye vipete vya ufito, vile vya kupitishia mshipi, aliiyeyusha kwa kuviweka mdomoni kimoja kimoja. Mifukoni alibeba viazi viwili vya moto, vya kupasha vidole. Vikipoa, alivila.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mji huu haupendi kulizungumza.

Miaka kumi iliyopita, Bwana Lathrop alinunua ranchi ya kando ya mto, akajenga hoteli ya wageni. Kisha akafunga waya kutoka ukingo hadi ukingo, pale chini ya daraja, na kibao chekundu: HAKUNA KUPITA. Sheria ya jimbo letu inajulikana. Ardhi ya kandokando inaweza kuwa ya mtu. Maji ni ya watu wote, hadi pale mafuriko ya kawaida yanapofika. Ukiingilia darajani na ukabaki majini, hakuna wa kukutoa. Kila mtu hapa alijua. Kila mtu akanyamaza. Katika mji wa watu mia nne, hoteli ile iliwaajiri arobaini.

Mmoja wao alikuwa Corinne, binti pekee wa Ardis. Alikuwa mpishi mkuu.

Januari moja, Ardis akiwa na miaka sabini na mmoja, aliteremka darajani saa sita mchana. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Aliinama, akapita chini ya waya, akaanza kuvua mbele ya madirisha ya hoteli.

Meneja alimwona. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akamtuma Corinne. Corinne mwenyewe amenisimulia juzi. Alisimama ukingoni na aproni yake, viatu vya jikoni vimejaa theluji.

"Mama, toka majini."

"Umekuja kunisalimia au umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Basi sema ulichotumwa, usiondoke nacho."

"Wanasema hii ni mali ya mtu. Mama, nakuomba. Nina kazi hapa. Nina watoto."

"Najua una watoto, wajukuu zangu wale. Na huu mto ni wao. Sogea pembeni, kivuli chako kinawatisha samaki."

Corinne aliondoka akilia kwa hasira. Baada yake akaja askari, Wes Hruska. Wes alipanda basi la Ardis tangu chekechea.

"Bi Tveit, itabidi nikuandikie mashtaka."

"Andika, Wes. Na jina langu ulipatie herufi zote. Nilikubeba miaka tisa, hukuwahi kushika daftari."

Wes akaandika. Ardis alipokea karatasi, akaitia mfukoni penye kiazi, akarusha mshipi tena.

Wiki iliyofuata, Corinne alifukuzwa kazi. Kosa lake: alishindwa kumwondoa mama yake.

Wasikilizaji wapendwa, mama na binti hawakusemezana kwa miezi kumi na minne. Krismasi ilipita. Kila mmoja alikula kwake. Ardis aliambiwa akubali kosa tu, alipe faini ndogo, mambo yaishe. Akakataa. Aliambiwa amwombe Bwana Lathrop msamaha, huenda binti yake angerudishwa jikoni. Jirani mmoja alimkuta usiku wa siku hiyo amekaa mezani na nzi aliyemfunga nusu, uzi umemponyoka. "Nimemuumiza mwanangu," alisema. "Lakini nikiomba msamaha kwa kitu kisicho kosa, nitamfundisha nini?"

Kesi ilisikilizwa Machi ya mwaka uliofuata. Swali lilikuwa moja: nguzo za ule waya zilisimama wapi, nchi kavu au ndani ya mpaka wa maji? Wakili wa hoteli alileta ramani na wapimaji. Ardis hakuwa na wakili. Alikuwa na picha moja ya nguzo, basi.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Corinne. Hakumwangalia mama yake. Akaomba kusema.

"Nimekulia hapo," alimwambia hakimu. "Kila Juni maji yanapanda. Penye nguzo zile nilikuwa nasimama utotoni, na maji yananifika kiunoni. Si mwaka mmoja. Kila mwaka. Na miti ya hapo ina makovu ya barafu iliyobebwa na maji, nendeni mkaone."

Hakimu alikwenda, akaona. Mashtaka yakafutwa. Waya ukaamriwa utolewe.

Corinne ananiambia: "Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimemsamehe. Bado nilikuwa nimemkasirikia vibaya. Nilikwenda kwa sababu alikuwa anasema kweli, na alikuwa peke yake."

Nje ya mahakama, Ardis alimuuliza, "Umekula?" Corinne akasema hajala. Wakaenda kula.

Vuli iliyopita moyo wa Ardis ulianza kuchoka. Daktari alimkataza maji ya baridi. "Yeye avue mahali pake pa joto," Ardis akajibu, "mimi nina mto." Wiki tatu zilizopita Corinne aliingia naye majini, akamshika kiuno asianguke. Ardis alipata trauti mmoja, akamwachia. Jumanne alifariki kitandani.

Kwa Corinne, kwa wajukuu, kwa ukoo wote wa Tveit: poleni sana. Msiba huu ni wetu pamoja.

Na sasa niseme langu. Mwaka ule wa waya, redio hii ilisoma tangazo la hoteli ile kila asubuhi. Sauti iliyolisoma ni hii mnayoisikia. Nilijua sheria kama mlivyoijua nyinyi. Nilinyamaza. Tafakarini, kama ninavyotafakari mimi, ni kitu gani tunakijua kuwa ni chetu na tumekiachia kwa woga.

Mwezi uliopita, kwenye daraja la juu, mmiliki mwingine amefunga waya mpya kuvuka mto. Familia haitaki maua. Badala yake, Jumamosi familia inaingia majini pale, kama alivyoingia Ardis. Corinne hajawahi kuvua maisha yake yote. "Sijui hata kuushika ufito," anasema. "Naingia hivyohivyo."

Jumamosi, saa sita mchana, daraja la juu. Mimi nitakuwepo, nikiwa majini.