Krenki Ndani ya Leso

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Aliye jikoni na apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa mwoga.

Msinishangae. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiita hivyo. "Mimi ni mwoga sana," alizoea kuwaambia wateja, mikono yake imezama ndani ya injini hadi kwenye viwiko. Aliogopa mbwa. Aliogopa radi. Aliogopa lifti za mjini, na angepanda ngazi orofa saba kuliko kufungiwa ndani ya lile sanduku. Jina lake Syombua Muia. Wengi mlimjua kama Mama Ndanu. Syombua Muia, fundi wa injini, Kawangware. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Jumamosi hii atazikwa kwao Kitui.

Syombua alikuja Nairobi akiwa msichana, akapanga chumba Kianda, kule Kibera. Kila asubuhi alitembea hadi Kawangware kuuza chai kwenye magereji. Fundi mmoja anaitwa Khamala alimwona akitazama injini muda mrefu kuliko alivyotazama birika lake. Akampa spea aoshe kwa mafuta ya taa. Mwaka ukapita, akampa spana. Miaka kumi baadaye walikuwa wanafanya kazi bega kwa bega, na wateja wengine walianza kumpita Khamala wakimuulizia "yule mama".

Sasa twende Novemba ya mwaka 2007. Gari dogo lilivutwa kwa kamba hadi pale gereji. Gari la michezo, wasikilizaji, la viti viwili tu, kijani, turubai juu. Lilitengenezwa Uingereza mwaka 1967. Mwenyewe alikuwa Mzee Omolo, mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Lavington, ng'ambo tu ya pale. Alikuwa nalo zaidi ya miaka thelathini. Siku hiyo alikuwa akitoka Naivasha. Oili ikaisha njiani, na macho yake ya uzee hayakuona ile taa nyekundu. Injini ikagonga, ikalia, ikakwama.

Khamala na Syombua waliifungua. Beringi zilikuwa zimeyeyuka. Na krenki, yaani ule mhimili wa chuma ambao pistoni zote huuzungusha, ilikuwa imejaa mikwaruzo.

Khamala akafuta mikono. "Mama Ndanu, si tutoe hii tuweke ingine? Kuna injini ya eksi-Japani, mtumba kutoka huko, iko tu pale kwa jirani. Siku mbili, gari inaenda."

"Ikienda na hiyo, itakuwa gari ingine."

"Gari ni gari, bora iende."

 Syombua alichukua kipimo akaipima ile krenki mara tatu. Ilikuwa imekwisha kusagwa, yaani kulainishwa kwa mashine, mara mbili maishani mwake. Chuma kilichobaki kilitosha kusagwa mara moja tu. Mara moja. Ikiharibika au ikipotea, basi. Nyingine kama hiyo haikuwapo Nairobi nzima.

Mzee Omolo aliwasikiliza wote wawili. Kisha akamgeukia Syombua. "Fundi ni wewe. Sema."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Mdomo ukatangulia kabla ya woga kufika. "Tutaijenga upya," akasema. Binti yake Ndanu anakumbuka mama alivyorudi nyumbani siku hiyo. "Hakula. Alikaa kitandani akisema, nimesema nini mimi, nimesema nini."

Krenki ikapelekwa Makina, kulekule Kibera, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga. Mzee akasema itakuwa tayari Krismasi ikipita. Ndanu, aliyekuwa na miaka tisa, akapelekwa Kitui kwa nyanya yake kwa likizo. Syombua akabaki Kianda peke yake.

Wasikilizaji wapendwa, yaliyofuata mnayajua. Tulipiga kura tarehe ishirini na saba Desemba. Tarehe thelathini matokeo yakatangazwa, na kabla ya giza kuingia moshi ulikuwa umesimama juu ya Kibera. Sitafukua siasa hapa. Nitasema tu yaliyompata mtu mmoja.

Yalimpata hivi. Kwa siku nne Syombua hakutoka chumbani. Siku ya tano kukatulia kidogo. Yule mzee wa Makina akampigia simu: njoo uchukue chuma chako, waporaji wanabeba kila kitu, hata mageti. Syombua akakimbia, akaichukua krenki, akaificha chini ya kitanda. Imesagwa, inang'aa kama kijiko kipya, imepakwa oili, imefungwa kwa gazeti.

Kisha siasa zikageuka tena. Serikali ikapangwa, kiongozi wa kutoka Ukambani akaingia ndani yake, na asubuhi moja ya Januari watu wa huko, kina Syombua, wakaanza kuitwa wasaliti. Jirani yake Nasike, mama wa kutoka Magharibi aliyechota naye maji miaka sita, alisukuma mlango bila kubisha.

"Mama Ndanu, jina lako limetajwa pale kwa bomba. Usingoje jioni."

"Limetajwa na nani?"

"Usiniulize ni nani. Toka."

Syombua alisimama katikati ya chumba.  Nasike akamwambia achukue redio, achukue nguo. Lakini Syombua akainama, akavuta krenki kutoka chini ya kitanda.

"Wewe umerukwa?" Nasike akasema. "Chuma?"

"Nguo ni zangu. Hii ni ya mtu."

Ilikuwa na uzito wa kilo kama kumi na nne. Ukiibeba kwa mikono utachoka kabla ya kufika Olympic, ukingoni mwa Kibera, na mwenye gunia begani husimamishwa afungue. Nasike akaiviringisha kwa shali, akamfunga mgongoni kwa leso. Ile leso ambayo Ndanu alibebewa. Hakuna aliyepanga ujanja, wasikilizaji. Ilikuwa tu njia ambayo mama yeyote hubeba kitu kizito anapotaka mikono yake iwe huru.

Karibu na Olympic njia ilikuwa imefungwa. Tairi zilikuwa zinawaka. Kulikuwa na wanaume kama ishirini, wenye mawe, wenye rungu, na mbele yao mmoja mwenye nyundo. Walikuwa wanaitisha vitambulisho. Mwanamume aliyekuwa mbele ya Syombua alisoma jina lake kwa sauti, kisha akavutwa pembeni. Syombua hakugeuka kutazama alikopelekwa. Alisikia tu.

"Mathe, kipande," akasema mwenye nyundo.

Kitambulisho kilikuwa kifuani, ndani ya nguo. Syombua Muia, Kitui. Aliingiza mkono akakishika, lakini mkono ukakataa kutoka.

"Mathe, nimesema kipande!"

Hapo ndipo gesi ya machozi ilipoanguka. Mikebe miwili, mitatu, kutoka upande wa polisi. Watu wakakohoa, wakatapika, wakajifunika nyuso. Nyuma ya Syombua kulikuwa na mama mwingine mwenye mtoto, na yule mtoto alipiga mayowe ya kupasua kichwa.

Yule mwenye nyundo akajipangusa macho. Akamtazama mtoto anayelia. Akatazama mgongo wa Syombua.

"Huyu wako mbona halii?"

 

Mwanamume akanyoosha mkono, akagusa leso. Ilikuwa baridi. Akabonyeza. Ilikuwa ngumu. Akaondoa mkono upesi kama aliyeshika kaa la moto.

"Mungu wangu," akasema. "Mathe... huyu mtoto amekuwa baridi."

Angeweza kusema, si mtoto. Ulikuwa wakati wa kusema. Lakini woga ulimshika ulimi, na badala ya maneno yakaja machozi, na mpaka anaingia kaburini hakujua kama yalikuwa ya gesi au yake mwenyewe.  Mmoja akavua kofia. Yule mwenye nyundo akatangulia mbele yake akipaza sauti, "Fungueni njia! Fungueni! Mama amepoteza mtoto!" Mawe yakasukumwa kando. Akamsindikiza hadi kwenye ua wa uwanja wa Jamhuri, akamuuliza amwitie nani. Syombua akatikisa kichwa, akaenda. Hakuna aliyemwitisha tena kitambulisho.

Alivuka Ngong Road na mgongo ukiwa unawaka. Alipofika gereji Kawangware, nafasi ya lile gari ilikuwa tupu.

Khamala alikuwa amekaa juu ya tairi, hajanyoa, macho mekundu. Alisimulia haraka. Siku mbili baada ya matokeo alikuwa ameiweka ile injini ya eksi-Japani ndani ya gari, akiwa peke yake, bila hata kufunga kila nati, akaliendesha hadi kwa Mzee Omolo. Mwili wa injini ya zamani alikuwa ameuzika kwenye shimo la majivu nyuma ya gereji.

Syombua akafungua leso. Krenki ikalala chini, inang'aa.

"Nani alikuambia uweke ingine?"

"Woga ndio uliniambia," Khamala akasema. "Na wewe nani alikuambia ubebe hiyo?"

Syombua akakaa chini, na hakuinuka mpaka dada yake Mutanu alipokuja kumchukua, yeye na krenki yake. Siku tatu baadaye safu yote ya yale magereji iliteketea. Gari lile lingekuwa pale lingebaki vyuma vyeusi. Khamala alikuwa ameliokoa kwa injini ya kuazima, na jambo hilo Syombua hakulikana kamwe.

Mwisho wa Februari viongozi wakatia saini mkataba wa amani. Watu wakaanza kurudi. Syombua na Khamala wakaisimamisha gereji upya, wakafukua shimo la majivu. Kuanzia Machi hadi Juni, Syombua aliijenga ile injini: silinda zikachongwa, pistoni mpya zikaja kwa meli, na krenki ikakaa mahali pake. Mwezi wa Juni injini ya eksi-Japani ikatolewa, yake ikarudi. Iliwaka kwa jaribio la pili. Mzee Omolo alipiga makofi kama mtoto. Mafundi wote wakapiga makofi.

Syombua alienda nyuma ya gereji akakaa peke yake kando ya lile shimo.

Mutanu ametueleza: "Alikuwa analala kwangu. Akisikia mtoto analia huko nje, anatoka kuangalia. Mtoto akinyamaza, ndio mbaya zaidi. Siku moja akaniambia, Mutanu, kuna akina mama walibeba watoto waliokufa kweli siku zile. Mimi nilipita na kifo cha uongo."

Mwezi wa Julai akaamua kumtafuta yule mwenye nyundo. Tafakari hapo, msikilizaji. Mtu anayeogopa lifti. Nasike ndiye aliyeulizia, akapata jina. Anaitwa Wangila, fundi wa mawe, ana mke na mtoto, anajenga Soweto West, hukohuko Kibera. Wakaenda pamoja mchana, ila Nasike akaambiwa asimame mbali kidogo, ili mmoja wao aweze kukimbia kuita watu.

Wangila alikuwa anachonga jiwe. Alimtambua mara moja. Akasimama na nyundo mkononi.

"Mathe. Mlimzika wapi?"

"Sikumzika," Syombua akasema. "Hakukuwa na mtoto. Ilikuwa krenki."

"Krenki ni nini?"

Akamweleza. Alianza mwanzo, akataja yote: gari, mzee, injini, leso. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akangoja.

Wangila akakaa juu ya mawe yake. "Kwa hivyo hakuna mtoto alikufa."

"Hakuna."

"Nilimwambia mke wangu tuliua mtoto na gesi, kwa sababu ni tairi zetu ndio zilileta hao polisi. Miezi sita. Nikishika wangu, namwona huyo." Akajifunika uso.  Kisha akasema, "Si ungeniambia tu siku ile ni chuma, mathe."

"Ningekuambia jina langu pia. Ningefika?"

Wangila akaitazama ile nyundo. Hakumdanganya.

"Hapana," akasema. "Hungefika."

Wasikilizaji wapendwa, hayo Syombua alimsimulia Ndanu mara moja tu, mwaka jana, hospitalini. Na Wangila mwenyewe, tulipompata kwa simu wiki hii, hakupunguza neno. Alisema tuyatangaze kama yalivyo, na jina lake tusilifiche.

Kwa Ndanu, kwa Mutanu, kwa fundi Khamala aliyefanya naye kazi mpaka mwisho, kwa Mama Nasike, na kwa ukoo wote wa Muia kule Kitui, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole nyingi. Mola ampumzishe Syombua Muia, fundi wa injini, mwanamke mwoga aliyerudi kusema kweli.

Na wewe unayenisikiliza, ulikuwa na miaka mingapi Januari ile? Ulikuwa upande gani wa zile tairi? Kama kuna mtu uliyemwacha na uongo wako, au na kitisho chako, na bado mko hai nyote wawili, muulizie aliko. Kisha nenda mchana, umwambie.