Kidimbwi cha Nyuki wa Hilaria

Ukiipa mgongo stendi ya Mpanda ukashika njia ya Inyonga, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya matofali, na juu ya ubao wamekaa wanaume watatu ambao wake zao wanaamini wako kazini. Ubao ni wa Hilaria. Dele la kahawa ni la Hilaria. Na neno la mwisho pale ni la Hilaria, maana ndiye anayemimina. Watu hawamfuati kwa sura, umri wake haubakizi sura ya kugawa. Wanamfuata kwa sababu kahawa yake haitiwi sukari, inatiwa asali, na asali inatoka kwenye mzinga wake mwenyewe uliotundikwa kwenye mparachichi nyuma ya nyumba. Kiangazi hiki maji yamekauka kila mahali, nyuki wakaingiwa na kiu, wakavamia beseni la kuoshea vikombe. Mmoja akamchoma mdomo Telesphor, balozi wa nyumba kumi. Balozi akatoa amri: Jumamosi kengele ya kanisa ya saa sita ikilia, nyuki bado wako kwenye beseni, mzinga unashushwa unatiwa moto. Hilaria hakubishana. Alichimbisha kidimbwi katikati ya mchicha wake, nyuki wapate kwao pa kunywa. Leo ndiyo Jumamosi. Kidimbwi kina maji. Nyuki wako kwenye beseni.

— Nawaona, alisema Telesphor. Mdomo wake wa juu ulikuwa bado unatangulia maneno. — Nawaona wote, mama. Wanakunywa kama wako harusini.

— Kunywa kahawa yako, Balozi. Kengele haijalia.

— Nakunywa. Leo asali imekolea.

— Ifaidi basi. Si ndiyo unayotaka kuichoma?

Telesphor akasogeza kikombe aongezewe. Ndivyo alivyo, anaweza kutafuna paja la kuku huku anamshtaki jogoo kwa kelele.

Aliyeumia zaidi ya wote alikuwa Luhende. Huyu wanamwita Futi Ishirini. Ni mchimba vyoo wa mtaa, na kidimbwi kile ni mkono wake.

— Kidimbwi hakina kosa, alisema. — Nyie mmekiona vizuri? Kuta wima, nimezipima kwa timazi. Nikapiga plasta, juu yake nikapiga niru ya saruji. Ukipitisha kiganja ni shavu la bwana harusi. Shimo lenye ukuta wa kulala ni aibu kwa fundi.

— Mbona kila asubuhi naopoa nyuki waliokufa?

— Mama, penye wazee hapaharibiki neno.

— Wamekufa, Luhende.

— Wamekufa, ndiyo. Lakini neno halijaharibika.

Hilaria alimwangalia kama anavyoangalia kikombe chenye ufa. Kila alfajiri alikuwa akifagia uwanja, akimaliza anachukua chujio la chai na kuopoa kila kilichoangukia kidimbwini: jani, kijiti, nyuki. Kwao Hilaria, mwanamke ambaye jua limemkuta na jani uwanjani hahesabiwi kuwa ameamka. Maji yake yalikuwa safi hata ungeweza kumbatizia mtoto. Na bado.

Wa tatu ubaoni alikuwa Maiko wa bodaboda. Wanamwita Kifurushi, kwa kuwa maneno yake huisha ghafla, halafu hujui nani kamwongezea.

— Bibi, mimi nakupa ukweli, alisema Maiko. — Tatizo ni mnara wa simu. Nyuki anaruka kwa mawimbi. Akifika juu ya kidimbwi mtandao unakata, anadondoka chubwi.

— Na kwenye beseni?

— Kwenye beseni mtandao umejaa.

— Beseni na kidimbwi vinatazamana, wewe.

— Si ndiyo maana sasa. Hata mimi nikikaa huku simu inashika, nikisogea pale kwa Balozi haishiki. Nyie wazee mnazingua, sayansi hamtaki.

Telesphor akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hakupenda kukuta kwamba kweli haishiki.

— Siyo mnara, alisema. — Ni sura. Mzinga huu umetoka wapi? Inyonga, porini. Nyuki wa pori hajawahi kujitazama kwenye kioo. Anashuka zake kunywa, anaona nyuki mwingine anapanda kumfuata na uso wa shari. Anamvaa. Hao unaowaopoa, mama, wamekufa vitani.

— Nani anashinda?

— Wa chini. Umewahi kuopoa maiti ya wa chini?

Maiko alitikisa kichwa kwa heshima. Hilaria akakaza mkono kwenye dele. Alishazika mume na meno yake karibu yote bila kupiga kelele, hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya wadudu. Ila aliijua hesabu ya mji huu: kahawa ya sukari inauzwa kila kona, na wauzaji wake hushinda wakifukuza nzi. Mzinga ukiungua, yeye ni mmoja wao.

— Mnacheza nyie, Luhende alisema, akashusha sauti. — Mimi ardhi hii naichimba, naijua. Maji yote ya Katavi ni ndugu. Ukitoboa hapa, habari zinafika mpaka Mto Katuma. Na saa hizi viboko kule wamebanana kwenye tope, wana hasira. Kiboko akijamba kule, huku harufu inatoka. Nyuki ana pua. Hawezi kunywa.

— Si umepiga plasta mpaka chini?

— Plasta inazuia maji, mama. Haizuii hasira.

— Na chiriku je? Wanatua ukingoni, wanachungulia, wanakwenda zao.

— Nao wana pua.

Telesphor akaweka kikombe chini. — Tena hapo Luhende kanifungua macho. Kiboko mwenyewe anaweza kuhamia. Mtaani kwangu.

— Balozi, kidimbwi kina upana wa mabeseni mawili.

— Haba na haba hujaza kibaba. Hata kiboko huanza mdogo.

Kivuli cha ubao kilikuwa kimeshaingia chini ya ubao wenyewe. Saa sita haikuwa mbali. Hapo akasimama mama mmoja mwenye kifuko cha maharage kichwani, anatoka upande wa stendi.

— Shikamoo mama. Hodi kahawa.

— Marahaba. Karibu. Watoka wapi?

— Mishamo. Naitwa Joséline. Nimeleta maharage ya binamu yangu, sijamkuta, alisema. Akapokea kikombe, akaonja, akafumba macho. — Hii si sukari.

— Si sukari. Ila baada ya kengele itakuwa sukari. Muulize Balozi.

Balozi akaeleza, na kwa haki yake hakuacha kitu: mdomo wake, amri, mnara, vita ya sura, kiboko. Joséline alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, yule mama akatua mzigo, akaingia kwenye mchicha na kikombe chake mkononi akakitazame kidimbwi. Wanaume hawakuinuka. Kijiweni ukiinuka, ukirudi unakuta mtu.

Akainama. Akatazama ukuta wa upande huu, akatazama wa upande ule.

— Mie nyuki siwajui, alisema kutoka kule. — Kwetu ni maharage. Nauliza tu. Nyuki akishuka kunywa, anasimama wapi?

— Anasimama… alisema Luhende, mkono umeshanyooka kuonyesha. Mkono ulizunguka kidimbwi chote, ukuta wima kwa ukuta wima, ukashuka taratibu mapajani.

— Hewani? alisema Maiko. — Kama helikopta?

Hilaria alikuwa analitazama beseni. Vikombe vyake vilikuwa vimelala humo ubavu, na kwenye kila ukingo nyuki wamesimama kwa mstari, miguu mikavu, vichwa chini, kila mmoja na mahali pake. Akakumbuka kijiti alichoopoa asubuhi kikiwa na nyuki amekikumbatia. Alikikung'utia nje ya ua, kijiti na mwenyewe.

— Inukeni, alisema.

— Kengele bado, mama, alisema Telesphor.

— Nimesema inukeni. Tokeni juu ya ubao wangu.

Waliinuka, maana dele lilikuwa bado mkononi mwake. Hilaria akalitua, akaunyanyua ubao upande mmoja, Joséline akaja akashika wa pili. Wakaupitisha kwenye mchicha, wakautumbukiza kidimbwini, ncha moja majini, nyingine imeegemea nje.

— Niru yangu, alisema Luhende. — Mama, unaikwaruza.

Ubao ule ulikuwa umenyweshwa asali na kahawa miaka mingi, kwa mikono ya wanaume wasiojua kushika kikombe. Nyuki mmoja aliukuta. Akaushuka kwa miguu kama mzee anayeshuka ngazi, akafika kwenye ukingo wa maji, akainamisha kichwa. Akaja mwingine. Kisha wakaja bila mpango.

Hilaria akarudi kwenye beseni, akatoa vikombe kimoja kimoja, akamwaga maji yote barabarani, akalifunika beseni kifudifudi. Kengele ya kanisa ikaanza.

— Haya, Balozi. Nyuki wako wapi?

Telesphor alilitazama beseni lililofunikwa, akautazama ubao uliojaa nyuki. Akajikohoza ili ahukumu. Lakini balozi hahukumu amesimama, akageuka nyuma kutafuta pa kukaa, akakuta matofali mawili huku na mawili kule.

— Sasa mama, alisema, — na sisi tunakaa wapi?

Maiko akamtazama Luhende. Luhende akamtazama Joséline. Joséline alikuwa amesogeza kikombe aongezewe, na Hilaria alikuwa anamimina.